Mtaji Hauliwi

Haya ni mazungumzo ya biashara ndogo kwa ajili yenu nyinyi mlioko vibandani, nyinyi mlio nyuma ya kaunta za maduka, nyinyi mnaotembeza bidhaa juani, na nyinyi mafundi ambao mikono yenu sasa hivi ina grisi na redio imening'inizwa msumarini.

Leo nawalenga hasa watu wa Kipevu hapa Mombasa na mitaa inayopakana nayo: Migadini, Chaani, Port Reitz, Magongo, mpaka kule Mikindani. Lakini wewe wa Likoni unayeuza viazi karai karibu na feri, usizime redio. Na wewe wa Kisauni mwenye genge la mboga, vuta kiti. Haya ni yako pia.

Naanza na swali. Jana uliuza shilingi ngapi? Naamini wengi mmejibu hapo hapo. Elfu mbili, elfu nne, jana kulikuwa na mvua, jana kulichangamka. Haya, swali la pili: jana ulipata faida shilingi ngapi?

Mbona kimya?

Hapo ndipo penye shida yetu, jamani. Tunajua tulichouza, hatujui tulichopata. Na mtu asiyejua faida yake ni ngapi, atajuaje anakula nini? Kwa sababu kuna kula faida, na kuna kula mtaji. Anayekula faida atafungua tena kesho. Anayekula mtaji pia atafungua kesho, na kesho kutwa, mpaka siku moja atafungua akute hana cha kuuza. Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: mtaji hauliwi. Huliwa faida.

Nimeyagawa mazungumzo haya mafungu manne. La kwanza ni daftari. La pili, mfuko wa biashara na mfuko wa nyumba. La tatu ni madeni, unayodai na unayodaiwa. La nne ni wateja, na hapo tutazungumza habari ya kuishi mlangoni mwa bandari. Mwenye kalamu na achukue. Asiye na kalamu, sikio linatosha.

Haya, fungu la kwanza: daftari.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tuone inavyopotea. Tumchukue mama karanga, mmoja wa hawa kina mama wetu wanaokaanga samaki na kuwauza barabarani jioni. Hesabu nitakayotoa ni ya mfano, wewe utaweka bei za kwako.

Alfajiri mama huyu anashuka ufuoni na beseni lake wakati ngalawa zinarudi. Ananunua tasi na changu wadogo wa shilingi 3,000. Akipanda mtaani ananunua mafuta ya kupima ya 500. Makaa, 150. Boda ya kumbeba na beseni lake, 100. Chumvi, ndimu, pilipili na unga kidogo, 100. Magazeti ya kufungia, 50. Mpaka hapo imetoka jumla ya 3,900. Anawasha jiko, anakaanga, watu wanatoka kazini, wananunua. Usiku anafungua pindo la leso na kuhesabu: 4,600. Moyo wake unatulia. Anajiambia, "Alhamdulillahi, leo nimepata elfu moja na mia sita."

Amezipata wapi hizo elfu moja na mia sita? Ametoa bei ya samaki peke yake. Mafuta hakuyahesabu. Makaa hakuyahesabu. Boda na ndimu, hivyo kwake si pesa, ni vitu vidogovidogo. Lakini ukivijumlisha hivyo vidogovidogo vimekula 900. Faida yake ya kweli ni 700.

Sasa angalieni kinachofuata. Kwa kuwa anaamini ana 1,600, anatoa 1,200 kwa moyo mkunjufu: unga, sukari, pesa za mtoto za shule, vocha ya simu. Hakufanya anasa, masikini. Lakini alfajiri anashuka ufuoni akiwa na 3,400, na jana alihitaji 3,900. Beseni limepungua. Samaki wakipungua, mauzo yanapungua. Mauzo yakipungua na nyumba inataka zile zile 1,200, keshokutwa beseni linapungua tena. Mwisho wa wiki utamsikia akisema biashara imeingia mkosi. Majirani nao hawakosi la kusema, watakwambia kuna mtu kamfanyia jambo. Hakuna aliyemfanyia jambo. Amekula mtaji bila kujua, na angelijua mapema kama angeandika.

Aandike nini? Hahitaji kusomea uhasibu. Kila siku mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza: zilizotoka, na zote ziandikwe, hata za kiberiti. Mstari wa pili: zilizoingia. Mstari wa tatu: kilichobaki, na kina thamani gani. Samaki wanne wamebaki? Waandike. Watoto wamekula wawili? Waandike kwa bei unayomuuzia mteja. Mmoja umemzawadia shangazi? Andika. Usione aibu kuandika samaki wa shangazi, maana aliyempa ni wewe, biashara haina shangazi.

Kama kuandika kunakusumbua, yuko mtoto anayesoma hapo nyumbani. Mpe kazi hiyo kila usiku, dakika tano. Na yeye atajifunza hesabu ambayo mwalimu hakumfunza.

Daftari likishika mwezi, litaanza kukuzungumzia. Litakwambia pilau yako inaisha Ijumaa lakini Jumanne inalala, basi Jumanne usipike sufuria kubwa. Litakwambia soda baridi zinatoka kila siku na ile biskuti uliyonunua kwa sababu mwenye jumla alikubembeleza haijaondoka rafuni tangu mwezi uliopita. Bidhaa iliyolala rafuni ni pesa iliyolala. Iuze hata kwa bei uliyonunulia, utoe pesa zako, ununue kinachotembea.

Likishika mwaka, daftari litakufundisha majira. Sisi watu wa pwani tunajua kusi na kaskazi, lakini tunazijua kwa mdomo, hatuzijui kwa hesabu. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka, vyombo haviendi mbali, samaki huadimika na bei hupanda ufuoni. Kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka, bahari hutulia na samaki huwa wengi. Mama karanga mwenye daftari la mwaka jana anajua ni mwezi gani faida itapungua. Basi wakati wa kaskazi anaweka kitu kando, na wakati wa kusi karai lile lile linakaanga mhogo, bhajia na viazi. Asiye na daftari hushangazwa na kusi kila mwaka, utadhani halijawahi kuvuma.

Na jambo moja zaidi kabla sijaliacha fungu hili. Bei. Wengi wetu tunapanga bei kwa kuangalia jirani. Jirani anauza chapati ishirini, nami niuze ishirini. Je, unajua jirani ananunua unga wapi? Huenda ananunua gunia soko la Kongowea, wewe unanunua paketi dukani. Huenda yuko kwenye kibaraza cha nyumba ya babake, wewe unalipa kodi. Bei yake iangalie, ndiyo, lakini kwanza ujue chapati yako inakugharimu ngapi. Ukishajua ndipo utaamua: upunguze gharama, ubadilishe ukubwa, au uiache chapati uuze kitu kingine.

Kwa hiyo fungu la kwanza kwa kifupi: andika kila siku. Zilizotoka, zilizoingia, zilizobaki.

Sasa fungu la pili: mifuko miwili.

Nikuulize dada yangu mwenye duka. Mtoto akija hapo kaunta akasema, "Mama, mwalimu anataka mia mbili," unazitoa wapi? Kwenye droo. Sabuni ya nyumbani ikiisha unaitoa wapi? Rafuni. Gesi ikiisha? Droo tena. Na wewe kaka mwenye kinyozi, chakula cha mchana kinatoka wapi? Kwenye pesa ya kichwa cha mwisho ulichonyoa. Basi biashara hiyo imekuwa mfuko wa suruali, kila mkono unaingia.

Dawa yake ni hii. Jiandikishe kazi kwako mwenyewe na ujilipe. Umeshaona kwenye daftari kwamba faida yako ni kama 700 kwa siku? Basi jilipe 450, au 500, iwe ndiyo mshahara wako. Ukishazichukua, zimeingia nyumbani, zinunue unga, zilipe shule, zichangie harusi. Zilizobaki ni za biashara. Usiziguse. Sabuni ukiitoa rafuni, ilipie kama mteja mwingine yeyote.

Najua mtanambia, "Wewe unasema tu, hujui mambo ya jamaa." Nayajua. Tunaishi na watu. Kuna matanga, kuna harusi, kuna mgonjwa hospitali ya Makadara, kuna karo. Wala sisemi uwe bahili. Nasema mchango wako utoke kwenye mshahara wako, usitoke kwenye pesa za kununulia unga wa kesho. Mwenye kuajiriwa bandarini akichanga matanga hatoi kontena la mwajiri wake. Anatoa mshahara wake. Nawe fanya hivyo hivyo. Na siku ikikulazimu kuchukua pesa ya biashara kwa jambo zito, andika kwamba umekopa, na uilipe.

Simu zetu zinaweza kusaidia hapa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea kupokea pesa kwenye laini ya kawaida, na humo humo zinaingia za biashara, za chama, na za shemeji aliyetuma za mjomba. Jioni huwezi kuzitenganisha. Chukua nambari ya till ya Lipa na M-Pesa, au kama biashara yako ni ndogo sana, fungua Pochi la Biashara kwenye laini yako hiyo hiyo. Pesa za wateja ziingie huko peke yake. Hapo umepata mifuko miwili bila kushona.

Na madhali tuko kwenye simu, tahadhari ndogo. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ameshatuma, usitoe mzigo kwa kuusoma ujumbe wake. Subiri ujumbe uingie kwako, kisha tazama salio. Matapeli wa ujumbe bandia wanapenda saa za msongamano, wakati una wateja wanne wanakuita kwa pamoja. Mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, ngoja kidogo iingie." Mteja mwema hatakasirika.

Fungu la pili kwa kifupi: mfuko wa nyumba mbali, mfuko wa biashara mbali. Jilipe mshahara, kilichobaki usikiguse. Mtaji hauliwi.

Tuko pamoja? Haya, fungu la tatu: madeni.

Tuanze na unayodai. Kipevu huwezi kuuza chakula bila kukopesha, tuseme ukweli. Vibarua wanalipwa kwa wiki au kwa mwezi, na tumbo linataka kila siku. Ukibandika ukutani "Leo pesa, kesho mkopo", watasoma, watacheka, na watakopa. Kwa hiyo sitakwambia usikopeshe. Nitakwambia ujue unachokopesha ni nini.

Sikiliza hesabu hii. Sahani yako ya wali na maharagwe unaiuza 150. Ndani yake mchele, maharagwe, nazi, makaa na maji vimekugharimu 110. Faida ni 40. Sasa mtu mmoja amekula sahani hiyo kwa deni, akahama, hakuonekana tena. Umepoteza ngapi? Wengi watasema, "Si sahani moja tu." La, umepoteza 110 za mtaji. Ili uzirudishe kwa faida ya 40, itabidi uuze karibu sahani tatu nyingine ambazo hutapata faida yoyote. Mtu mmoja amekula, na watu watatu wamelipia. Akihama na deni la wiki nzima, piga hesabu mwenyewe.

Basi weka masharti yako. Kwanza, kila deni liandikwe jina, tarehe na kiasi mbele ya anayekopa, na aone unavyoandika. Pili, kila mtu awe na kikomo, na asiongezewe mpaka alipe la zamani. Tatu, jumla ya madeni yote mtaani isizidi kiasi ambacho ukikikosa, kesho bado utanunua bidhaa. Na siku yao ya malipo uijue kuliko wanavyoijua wao. Siku hiyo uwepo mapema, na usalimie kwa tabasamu.

Kumnyima mtu deni si lazima umtukane. Biashara haigombi. Mwambie, "Kaka, la juzi bado liko hapa, tulimalize hilo kwanza, kisha sahani yako iko." Akinuna, atanuna siku mbili. Ukimkopesha mpaka ikushinde, mtagombana miaka miwili na pesa hutaziona.

Sasa unayodaiwa wewe. Kukopa harusi, kulipa matanga, hilo twalijua sote. Lakini mkopo si haramu katika biashara, ukiujua. Kabla hujakopa, jiulize swali moja: pesa hizi zitanunua kitu kitakachoingiza pesa? Kukopa ununue jokofu la kuhifadhi samaki ambao sasa wanakuharibikia, hilo linaeleweka, maana jokofu litaingiza. Kukopa ulipe deni lililotokana na deni, huko ni kuchimba shimo ufukie shimo.

Tena uliza bei ya mkopo, kama unavyouliza bei ya nyanya. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa Novemba 2022, unatoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Iko mikopo ya simu ambayo hutoza karibu kiasi hicho hicho kwa mwezi mmoja tu. Ukisikia "asilimia nane", usikimbilie kubonyeza. Uliza: kwa mwezi au kwa mwaka? Swali hilo dogo lina tofauti kubwa mno. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, nayo ina ada inayohesabiwa kwa siku, kwa hiyo ni ya kuvukia asubuhi ukalipa jioni, haifai kukaa nayo wiki nzima. Na kampuni za kukopesha kwa simu zinatakiwa tangu 2022 kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kama anayekukopesha hana leseni, na kazi yake ni kuwapigia simu jamaa zako wote kwenye simu yako akikuaibisha, mkimbie.

Chama chetu cha wiki je? Chama ni kizuri, ila zamu yako ikifika uwe umeshaamua pesa zile zinakwenda wapi. Andika kabla hujazipokea. Zikishafika mkononi kila mtu nyumbani atakuwa na pendekezo.

Fungu la tatu kwa kifupi: kopesha kwa kikomo na kwa maandishi. Kopa kwa ajili ya kinachoingiza. Uliza bei ya mkopo, kwa mwezi au kwa mwaka.

Sasa tunafika fungu la nne, na hili ndilo letu hasa sisi wa Kipevu. Wateja.

Tazama tunapoishi. Upande huu mitambo ya umeme ya KenGen. Pale gati la mafuta, jipya lililozinduliwa 2022 kuchukua nafasi ya lile la tangu 1963. Kule kituo cha pili cha makontena kilichoanza kazi 2016. Barabara ya Dongo Kundu inapita hapo. Hizo ni mali za mabilioni ya shilingi, na nje ya mageti yake kuna mama na jiko, kijana na mashine ya kujaza upepo, fundi wa panchari, muuza maji, wakala wa M-Pesa. Malori yakipanga foleni, sote tunauza. Dereva anataka chai, utingo anataka chapati, tairi linataka kiraka.

Sasa kumbukeni mwaka 2019. Serikali ilitaka mizigo ya bara ipakiwe kwenye reli ya SGR moja kwa moja kutoka bandarini, ikatolewe huko Nairobi, na Agosti mwaka huo likatoka agizo rasmi. Malori yalianza kupotea barabarani. Watu wa Mombasa waliandamana, agizo likasitishwa, lakini barabara haikurudi kama ilivyokuwa. Ilichukua mpaka Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto atangaze kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Hesabu miaka hiyo. Na katikati yake kulikuwa na korona. Changamwe, Miritini mpaka Mariakani, ni hoteli ngapi zilifungwa? Ni gereji ngapi zilibaki na mlinzi na paka? Nyinyi mliokuwepo mnajua kuliko mimi.

Nataka tujifunze nini? Siasa za reli na bandari zina wenyewe, na wananchi tuna haki ya kuzisemea. Lakini kibandani kwako kuna somo la biashara. Wale waliofunga biashara haraka zaidi ni wale waliokuwa na mteja wa aina moja. Bandari hatuiamrishi. Meli ikichelewa hatuulizwi, agizo likitoka hatuulizwi. Daftari na wateja wetu, hao tunaweza kuwaamulia.

Kwa hiyo nakupa swali la kujipima. Malori yakisimama kesho kwa mwezi mzima, nani atanunua kwako? Ukikosa jibu, anza kulitafuta leo, wakati malori bado yapo.

Tafuta wateja wa aina tatu. Aina ya kwanza ni hao wa bandari na barabara, usiwaache, wana pesa na wana haraka. Wajulie saa zao. Zamu zinapobadilika ndipo watu wana njaa, na wewe chai iwe imeshachemka. Ukianza kuwasha jiko zamu ikiwa imetoka, umechelewa na makaa umeyachoma bure.

Aina ya pili ni watu wa mtaa wako, wanaoishi hapo iwe bandari inafanya kazi au haifanyi. Hawa wananunua kidogokidogo lakini kila siku. Mahamri na mbaazi asubuhi, samaki jioni, mafuta ya taa, sabuni ya kipande. Hawa wanataka kipimo cha haki na lugha nzuri. Jua watoto wao kwa majina. Mtoto akitumwa dukani arudishiwe chenji kamili, mamake atakuamini mwaka mzima.

Aina ya tatu ni wa kuagiza. Shule inayotaka maandazi, ofisi inayotaka chakula cha mchana, shughuli ya harusi, maulidi, mazishi. Hawa wanakuja kwa sifa. Na mwezi wa Ramadhani ukifika, mchana hoteli hulala, lakini magharibi watu wanataka sambusa, kaimati, viazi vya nazi, mkate wa sinia. Mwenye kujipanga huwa ameshachukua oda za futari kabla mwezi haujaandama. Asiyejipanga hukaa mchana akilalamika hakuna wateja.

Lakini wa kuagiza hawampi kazi mtu asiye na makaratasi. Chukua leseni ya biashara ya kaunti. Kama unauza chakula, pima afya upate cheti, na ukumbuke hufanywa upya kila miezi 6. Najua inauma kuzitoa hizo pesa. Lakini hesabu pia unazopoteza ukimkimbia kanjo: siku moja umefunga, sufuria imemwagika, wateja wameenda kwa mwingine. Igawe ada ya leseni kwa mwezi, iandike daftarini kama unavyoandika makaa, na uiweke kando kidogokidogo.

Na usafi, wapenzi. Usafi ni tangazo lisilolipiwa. Chombo cha maji ya kunawa na sabuni, kitambaa cheupe, samaki waliofunikwa wasitue nzi. Mafuta yakishakuwa meusi, yamwage. Unadhani umeokoa mia mbili, kumbe mteja ameonja uchungu na hakukwambia. Hakugombana nawe, hakulalamika. Amehamia kwa jirani, basi.

Haya, muda unanifukuza. Turudie kwa pamoja.

La kwanza, daftari: zilizotoka, zilizoingia, zilizobaki, kila siku. La pili, mifuko miwili: jilipe mshahara, ya biashara usiiguse. La tatu, madeni: kopesha kwa kikomo, kopa kwa kinachoingiza, uliza bei ya mkopo. La nne, wateja: wa bandari, wa mtaa na wa kuagiza, ili mmoja akiondoka wawili wabaki.

Na juu ya yote manne lile neno letu. Mnalikumbuka? Mtaji hauliwi.

Nawaachia kazi ya nyumbani, nayo ni nyepesi. Usibadilishe chochote wiki hii. Usipandishe bei, usifukuze wadeni, usikope. Andika tu. Nunua daftari la shule, anza leo usiku kabla hujafunga, endelea mpaka tutakapokutana tena wiki ijayo saa kama hii. Njoo na jibu la lile swali la pili, faida yako ya siku ni ngapi. Tutalichukua jibu lako, liwe kubwa au dogo, na kutoka hapo tutapanga mshahara wako.

Kwa leo ni hayo, wapenzi wasikilizaji. Wenye zamu ya usiku, kazi njema. Mlio majikoni, riziki njema. Kwaherini.